Fundi Aliyetulaza Chini ya Pikipiki

Kabla hajakufungia bampa, Fundi alikulaza chini kwanza. Hakuna aliyesamehewa hilo. Ulifika na pikipiki yako kwenye banda lake la mabati, pale senta ya juu ambapo barabara ya vumbi inaacha mashamba ya kahawa na kuanza kushuka kwenda ziwani. Ukamwambia unataka vyuma vya pembeni vya kukinga miguu. Hakukuuliza unataka vya namna gani. Alisema neno moja tu: "Panda."

Ukapanda. Akawaita waendesha bodaboda waliokuwa wanapiga soga kijiweni, wawili wakashika nyuma, yeye akashika usukani, wakaanza kuilaza pikipiki ubavuni polepole, na wewe ukiwa juu yake, mguu wako ukitangulia chini.

Mtu hajui uzito wa pikipiki mpaka imlalie. Ukiiendesha unaiona nyepesi kama baiskeli. Lakini inapokuja juu ya mguu wako, hata kama inakuja taratibu, hata kama imeshikwa na watu watatu wanaocheka, mguu wenyewe unataka kukimbia. Injini inakupulizia joto kwenye goti. Unasikia petroli ikichezacheza ndani ya tanki. Fundi anakwambia, "Tulia. Usivute mguu. Barabara haitakupa nafasi ya kuuvuta." Halafu anapiga magoti na kipande cha chaki, anauchunguza mguu wako ulivyolala, anatia alama kwenye chuma na kwenye udongo: goti hapa, muundi hapa, kifundo hapa. Akimaliza, mnageuza upande wa pili, unalazwa tena.

Wale vijana hawakukosa maneno.

"Muage mkeo kabisa!"

"Padri yuko wapi, aje na mafuta ya wagonjwa!"

"Huyu kwa miguu hii, Fundi, utaishiwa na bomba!"

Walicheka kwa sababu na wao walishalazwa. Mtu akicheka namna ile, ujue anakumbuka alivyotetemeka.

Siku moja alikuja katekista wetu, mtu mzito wa mwili na wa maneno, pikipiki yake mpya bado ina karatasi za nailoni kwenye taa. Alipofika katikati ya kulazwa alianza kusali sala ya kutubu kwa sauti. Wale waliomshika wakaitikia "Amina" na kumwachia kidogo, inchi moja tu, katekista akapiga yowe mpaka wanawake sokoni wakadhani kuna msiba. Kijiwe kizima kilianguka kwa kicheko. Fundi peke yake hakucheka. Alisubiri kelele ziishe akasema, "Sasa umeogopa vizuri. Nikikupa bampa utajua ni ya nini."

Ndivyo alivyokuwa. Mimi nimeishia darasa la nne, sijui kumpamba mtu kwa maneno. Naandika kama nilivyomwona, kwa sababu nimemwona miaka mingi, na mguu wangu wa kushoto, ulio mfupi kuliko wa kulia, hauniruhusu kumsahau.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na ngozi ya mikono ile ilijaa madoa ya cheche kama mtu aliyepona ndui. Macho yalikuwa mekundu wakati wote. Hakupenda ile ngao ya kuvaa usoni wakati wa kuchomelea, alisema inamfanya awe kipofu kabla ya wakati, akavaa miwani nyeusi ya kawaida kama ya mtu anayekwenda harusini. Jioni ungemkuta amelala chali kwenye benchi, ameweka vipande vya viazi mviringo juu ya macho, machozi yanachuruzika mpaka masikioni. Ukimsalimia katika hali ile anajibu bila kuondoa viazi, na anakutaja kwa jina. Alitujua kwa miguu tunavyokanyaga.

Pombe hakunywa. Alikunywa togwa tu, kwenye kopo moja alilolitengeneza mwenyewe likawa na mkono wa bomba la pikipiki.

Na hakupanda pikipiki. Hilo ndilo lililowashangaza wageni. Fundi aliyefunga bampa za nusu ya pikipiki zinazoshuka Nyasa hakuwahi kukaa juu ya hata moja. Mkewe alikuwa mtu wa Maguu. Ukatokea msiba kule ukweni, watu wakamwambia, "Fundi, panda tukufikishe, ni mbali." Akavua viatu, akavifunga kwa kamba, akavitupa begani, akaenda kwa miguu. Alifika wameshazika.

Nilimuuliza siku hizo tukiwa bado tunazungumza. "Fundi, unatufungia vyuma, wewe mwenyewe hutaki hata kujaribu?"

"Naogopa," akasema.

"Unaogopa nini?"

"Wewe huogopi?" Akanitazama kwa macho yale mekundu. "Basi wewe ndiye wa kuogopwa."

Alikuwa na misemo ya chuma. "Chuma hakina huruma, kina nafasi tu." Huu aliusema kila siku, na maana yake ni hii: bampa haikuokoi kwa ugumu wake. Inakuokoa kwa tundu linalobaki kati ya pikipiki na ardhi wakati umelala, na mguu wako uwe ndani ya tundu hilo. Ndiyo sababu alitulaza. Bampa za dukani zina tundu la mguu wa mtu wa mbali asiyejulikana. Za kwake zilikuwa na tundu la mguu wako.

Na alikuwa na amri moja: juu ya bampa hakitundikwi kitu. Sisi wa huku tunajulikana, tukiona chuma kimetokeza tunatundika mzigo. Mtu anafungiwa bampa asubuhi, jioni ameshaning'iniza dumu la mafuta ya taa, kuku, ndoo ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Fundi akikuona unapita na ndoo kwenye bampa alitoka bandani na nyundo mkononi, anakimbia barabarani kama kichaa. "Toa! Toa kabla sijaikata!" Watu wazima waliteremka wakatoa.

Sasa nitamtaja Otmari, maana bila Otmari ningemaliza hapa na ningekuwa nimeandika habari ya mtu mwema.

Otmari alikuwa mnunuzi wa usipa. Alishusha unga na mafuta ya kula ziwani, akapandisha dagaa huku juu hadi Mbinga mjini na Kitai. Pikipiki ilikuwa yake, ya kijani, na bampa zake alizipaka kijani hiyohiyo. Mwendeshaji nilikuwa mimi. Bampa zile nililazwa mimi, tundu lake ni la miguu yangu. Na jambo la kujua ni kwamba mtoto wa kiume wa Otmari alimwoa binti wa Fundi. Kwa hiyo Otmari na Fundi walikuwa wakwe.

Anayetoka kwetu ameshaelewa. Kwa asiyetoka kwetu, nitasema hivi: mkwe hupingani naye mbele ya watu. Hucheki naye ovyo. Humshiki mwili. Akija kwako unatafuta kiti kabla hujatafuta neno. Na kumlaza mkwe wako chini, udongoni, mguu juu mguu chini, watu wanatazama, hicho ni kitu ambacho binti yako ataimbiwa kule alikoolewa mpaka anazeeka.

Otmari alilijua hilo vizuri.

Siku aliyokwenda bandani kwa Fundi, mimi nilikuwa shambani napalilia. Walionisimulia ni walewale wa kijiweni, na wote wamesimulia sawasawa. Otmari alifika akiikokota pikipiki mwenyewe. Fundi akampa kiti.

"Mkwe," Otmari akasema, "nataka uniongezee vyuma viwili kwenye bampa. Vitokeze huku na huku, kama mapembe. Vya kutundikia madumu."

Fundi alitazama chini. "Mwendeshaji yuko wapi, mkwe?"

"Mwendeshaji wa nini? Pikipiki si yangu?"

"Huwa namlaza anayepanda. Nione chuma kinagusa wapi."

"Basi nilaze mimi," Otmari akasema, akacheka, akavua na kofia kabisa akaiweka kwenye kiti. "Haya, mkwe. Nilaze."

Hakuna aliyetania. Wanasema Fundi alisimama pale, mikono imening'inia, akitazama ile kofia kwenye kiti. Halafu akaenda kuwasha mashine ya kuchomelea.

Mapembe yakafungwa bila mtu kulazwa. Tangu aanze kazi ile, hiyo ndiyo mara pekee.

Niliyaona asubuhi. Siwezi kusema nilijua kitakachotokea, sikujua. Lakini nilipanda, nikainama kidogo kushoto nikiwa nimesimama palepale, nikaona lile pembe linavyoikaribia ardhi. Nikamwambia Otmari, "Hivi vyuma vinanitisha."

"Kama unaogopa, Festo haogopi," akanijibu.

Festo alikuwa kijana wa jirani, mwenye mke mchanga, asiye na pikipiki, aliyekuwa anapita kila asubuhi kuuliza kama kuna kazi. Nikawasha nikaondoka, dumu la mafuta kila upande.

Mteremko wetu una kona moja tunayoiita ya Jiwe. Unashuka, ukuta wa udongo uko kushoto, jiwe kubwa limetokeza kwenye ukuta, na barabara inakunja kushoto kulizunguka. Kulia ni bonde la ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani, mahindi yamesimama chini kabisa kama nyasi. Pale lazima uilaze pikipiki kidogo, huwezi kupita umesimama wima. Siku za mwanzo nilipita polepole. Kisha mvua ilinyesha ikachimba barabara, nikailaza zaidi kidogo kukwepa korongo, na pembe la kushoto likagusa ardhi.

Sauti ile naisikia mpaka leo. Mtu akikwaruza sufuria kwa kijiko, naweka chakula chini. Pembe liliingia udongoni, gurudumu la nyuma likainuka kama punda anayepiga teke, nami nikawa hewani na chini kwa wakati mmoja. Pembe lilijikunja nyuma likaukuta muundi wangu wa kushoto umebanwa kwenye jiwe. Halafu pikipiki ikabiringika, ikaangukia ubavu wa kulia, na mguu wa kulia ukawa chini yake na uzito wote, na madumu, na mimi.

Mguu wa kulia haukupata hata mchubuko. Ulikuwa ndani ya tundu. Goti mahali pa goti, kifundo mahali pa kifundo, kama alivyouchora kwa chaki. Nilikuwa nimelala pale, mafuta ya kula yananitiririkia shingoni, mguu mmoja umevunjika ndani ya pembe la Fundi na mwingine mzima ndani ya bampa ya Fundi. Nikaanza kulia, na kilichoniliza si maumivu. Nilimwogopa Fundi, nisijue ni mtu wa namna gani.

Otmari alikuja hospitali na soda. Akakaa, akatazama plasta niliyofungwa mguuni, akasema mbele ya wagonjwa, "Alisinzia huyu." Naandika hapa, na atakayesoma amsomee: Otmari, mimi sikusinzia.

Fundi naye alikuja. Kwa miguu, bila shaka. Alisimama mlangoni mwa wodi muda mrefu, muuguzi akamuuliza kama amepotea. Akasogea mpaka kitandani. "Wa kulia?" akauliza.

"Mzima."

Akauweka mkono juu ya shuka, akaupapasa mguu wa kulia kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyerudi. Wa kushoto hakuutazama. Hata jicho halikupita juu yake.

"Fundi," nikamwambia, "pikipiki inatengenezwa. Otmari anampa Festo. Nenda kayakate yale mapembe."

"Nitakwenda."

"Niapie."

"Baba Editha, nitakwenda."

Na alikwenda, simnyimi haki yake. Alifika kwa Otmari na msumeno wa chuma ndani ya mfuko. Lakini alifika kama mkwe. Akapewa kiti chenye mgongo. Kuku akakimbizwa. Binti yake mwenyewe, amefunga kanga safi, akaja kumnawisha mikono, akapiga magoti, na kule kwenye ukumbi wa nyuma pikipiki ya kijani imeegeshwa, imenyooshwa, mapembe yamerudishwa mahali pake. Otmari akamega, akamkaribisha. Wakala. Wakazungumza habari za mvua. Fundi akaaga, akasindikizwa mpaka njia panda, akarudi nyumbani na msumeno wake haujatoka mfukoni. Aliyenieleza ni huyohuyo binti, baadaye, analia, anasema, "Baba alikuwa anautazama mlango wa nyuma muda wote. Mimi nikadhani anataka kwenda msalani."

Festo alianguka kona hiyohiyo. Yeye hakubaki barabarani. Walimkuta chini, kwenye mahindi.

Watu wa kwetu wakasema kona ina kitu, wakataka padri akainyunyizie maji. Otmari akasema ni kazi ya Mungu. Anakaa benchi la mbele kanisani hadi leo, anaimba sauti ya nne. Kazi ya Mungu, Otmari, haichomelewi.

Kuna desturi ya Fundi ambayo sijaisema. Mabaki ya mabomba ya bampa hakuyatupa, aliyatengenezea misalaba ya makaburi. Ukitembea makaburini kwetu utaona misalaba mingi ya bomba la duara, ncha zimezibwa vizuri, hapo ujue ni mkono wake. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi hata kabla ya ajali lilinitia hofu kidogo, kwamba bomba moja linakatwa, kipande kinakwenda kwenye pikipiki na kipande kinabaki kinasubiri.

Msalaba wa Festo ulipowekwa nilikuwa nimesimama kwa magongo. Ulipakwa rangi nyeupe. Lakini ile mvua ya kwanza ilipobandua rangi pale kwenye kiungo, chini yake kulikuwa na kijani. Nilisogea nikatazama, nikaona na mkunjo ambao mguu wangu unaujua. Alikuwa ameyakata mapembe hatimaye, akamtengenezea Festo msalaba.

Sijui ilikuwa toba au ilikuwa ubahili wa chuma. Nilimwendea bandani. "Barabara haina mkwe, Fundi."

"Najua," akasema.

Mke wa Festo sikumwambia, na kwa kuwa hasomi, naomba asisomewe haya. Baada ya hapo sikuzungumza na Fundi. Miaka. Tukikutana njiani nilikuwa nahamia upande wa pili, na kwa mguu huu kuhama upande si kazi ndogo. Watu walisema amebadilika, amezidi. Alilaza kila mtu. Alimlaza mwendeshaji pamoja na abiria. Akamlaza bibi mmoja aliyekuja tu kumsindikiza mjukuu. Wengine wakaanza kumkimbia, wakaenda kununua bampa za dukani Mbinga mjini, zinazong'aa, zenye maua. Na mkwe wake? Aliendelea kumpa kiti.

Mimi pikipiki sikuigusa tena. Si kuendesha tu, hata kuiegemea. Nikisikia inapunguza mwendo nyuma yangu, mwili mzima unasimama. Nimekuwa mtu wa kuogopa mlio.

Halafu Editha akaja na pikipiki.

Editha ni binti yangu, ndiye ninayeitwa kwa jina lake. Ni muuguzi, wamempangia zahanati ya mwambao, kule chini. Aliikokota mpaka uani, nyekundu, akavua kofia ngumu akatabasamu kama aliyeniletea mjukuu. Nilikaa chini kwenye kizingiti.

"Baba, usinitazame hivyo. Nitashuka kwa miguu kila siku?"

"Wenzako wanapanda gari la mizigo."

"Gari linashuka siku za soko. Mama mjamzito akipata uchungu anasubiri soko?" Akanikalia karibu. "Nipeleke kwa Fundi. Bampa za dukani zinacheza, nimeziona."

"Kwa yule siendi."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Nilijua atakwenda. Na nilijua kingine kilichoniuma zaidi: kwamba kama binti yangu lazima apite kona ya Jiwe, sitaki mguu wake uwe ndani ya chuma cha mtu mwingine.

Tulifika mchana. Kijiwe kilikuwa kitupu, vijana wote wamekwenda kubeba kahawa. Fundi alikuwa kwenye benchi, amezeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu usiowatazama. Masikio yalikuwa yameshakufa kwa nyundo na grenda, Editha ikabidi aseme kwa sauti.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

Editha akanionyesha kwa kidole. Fundi akakaza macho yale. Akamwambia Editha, "Panda."

Akapanda. Fundi akaushika usukani, akatazama kijiwe kitupu. Halafu akanitazama mimi.

"Baba Editha. Shika nyuma."

Nikasimama palepale. Editha akageuka. "Baba, shika. Babu peke yake hawezi, ataniangushia."

Nikashika. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Tukaanza kuilaza, yeye mbele mimi nyuma, na uzito ule ukaja mikononi mwangu, uzito ninaoujua, nao ulikuwa unakwenda juu ya mguu wa mtoto wangu. Mguu wangu mfupi ulianza kuruka wenyewe. Nilitaka kupiga yowe kama katekista. Editha alikuwa ametulia, anatazama juu, lakini nikaona ameuma mdomo.

"Usivute mguu," Fundi akasema.

Akapiga magoti na chaki. Alichora polepole mno, pua yake karibu iguse udongo, maana haoni. Goti. Muundi. Kifundo. Akarudia tena. Mikono yangu ilikuwa inawaka, na sikuthubutu kumwambia aharakishe.

Tulipoiinua, Editha akajifuta vumbi akasema kwa sauti, "Babu, na hapa pembeni niwekee chuma kimoja cha kutokeza. Nitundike kisanduku cha chanjo."

Fundi alikuwa ameelewa. Hakumfokea, hakushika nyundo. Alikwenda nyuma ya banda, akarudi na kipande cha bomba kifupi, akakifunga kwa mpira kwenye fremu, kikatokeza kushoto.

"Panda tena," akasema. "Baba Editha, shika."

Tukailaza tena. Haikufika popote. Ile ncha iligonga ardhi mapema, ikagoma, na nilipozidi kusukuma nikasikia gurudumu la nyuma likiniinukia mikononi, jepesi, bila kitu cha kulishika. Editha naye alilisikia. Akashika tanki kwa mikono miwili.

"Baba!"

"Nimekushika."

Fundi alikuwa mbele, ameinamia usukani, na aliyoyasema hakumwambia Editha. "Hiki ndicho ningekiona siku ile," akasema. "Ningemlaza mkwe, ningekiona. Watu wangecheka, binti yangu angeimbiwa, halafu wangesahau. Kofia yake ilikuwa kwenye kiti. Niliiogopa kofia."

Sikuwa na mkono wa kumjibu, yote miwili ilikuwa imemshika Editha.

"Ondoa, babu," Editha akasema akiwa bado juu pale. "Nitabeba mgongoni."

Alichomelea hadi jua likaanza kuinama. Mimi nilimshikia mabomba, kwa sababu haoni vizuri na sikutaka akosee. Alipofunga bolti ya mwisho alining'inia kwenye bampa kwa uzito wake wote, mzee yule, miguu juu kama mtoto kwenye tawi, kwanza kushoto kisha kulia. Haikulia.

Editha akafunga kisanduku mgongoni kwa kanga. Zahanati ilikuwa inamngoja. Akaniinamia, akamwinamia Fundi, akawasha.

Pale bandani ukisimama ukingoni unaona ziwa kwa mbali linang'aa kama bati jipya, lakini barabara huioni, imejificha ndani ya milima. Inabaki mlio. Mwenye masikio anaufuata: hapa anakanyaga breki, hapa anapita darajani, hapa anaifikia kona ya Jiwe, na hapo mlio unakatika kabisa kwa sababu ukuta unaumeza. Ukitokea tena chini, basi mtu amepita. Usipotokea, ni kukimbia.

Tulisimama wawili, Fundi na mimi. Mlio ulishuka. Ukapungua. Ukakatika.

Niliona tundu la bampa, niliona jiwe, niliona mahindi kule chini. Fundi alikuwa ananitazama mdomoni kama mtu anayesubiri hukumu, maana yeye hasikii kitu, kwake dunia nzima ni kona ya Jiwe.

Kisha ukatokea. Mdogo, chini kabisa, umenyooka, unaelekea ziwani.

"Amepita?" Fundi akauliza.

Nilitazama ziwa. Nilimwacha asubiri kidogo.

"Amepita?" Akanishika mkono wa shati. "Baba Editha. Amepita?"

Nilimwacha kidogo tena, kwa ajili ya Festo. Halafu nikamwambia.